Mafao ya ulemavu Marekani: jina la ugonjwa halitoshi

Maswali ya safari hii yote yanahusu mafao ya ulemavu ya Social Security, yaani hifadhi ya jamii ya serikali kule Marekani. Mafuko ni mawili. SSDI ni ya aliyefanya kazi na kukatwa kodi ya mshahara kwa miaka ya kutosha; SSI ni ya mwenye kipato kidogo na mali isiyozidi dola 2,000 (mume na mke, 3,000). Kipimo cha ugonjwa kwa mtu mzima ni kimoja kote: uwe unakuzuia kufanya kazi ya kukupa riziki, na umedumu au utadumu miezi 12, au ni wa kuua.

Nina kisukari kwa miaka mingi. Nastahili?

Kwa kisukari peke yake, hapana. Tangu 2011 hakina fungu lake kwenye orodha ya Social Security ya magonjwa ya watu wazima. Maafisa wake wanatazama kilichokuharibia: macho, figo, miguu. Dialisisi (kusafishwa damu kwa mashine) ya kudumu imo kwenye orodha. Aliyepandikizwa figo huhesabiwa mlemavu kwa mwaka 1, kisha hali yake hupimwa upya.

Binti yangu wa miaka 24 ana selimundu. Kila mara tunakimbilia hospitali, akichomwa sindano anarudishwa nyumbani. Si mpaka alazwe?

Si lazima, mama. Njia mojawapo ni maumivu yaliyohitaji dawa kali za jamii ya mofini, kwa mshipa au sindano ya msuli, angalau mara 6 ndani ya miezi 12, kila tukio likipishana na jingine kwa siku 30 au zaidi. Akienda tarehe 3 na tena tarehe 20, safari ya pili haihesabiki. Vidonge alivyomeza nyumbani navyo havimo. Njia nyingine ni kulazwa mara 3 katika miezi 12, kwa mpishano huohuo, kila mara saa 48 au zaidi; saa alizokaa chumba cha dharura kabla tu ya kupewa kitanda zinaweza kujumlishwa. Kwa hiyo omba rekodi za kila ziara, zinazoonyesha tarehe, dawa na namna alivyopewa. Kesi za selimundu huamuliwa na kalenda.

Baba amegundulika ana ALS. Tusubiri hali izidi?

ALS ni ugonjwa wa neva unaolegeza misuli mpaka kuua, kwa hiyo msisubiri hata wiki. Tangu 2008 kuna utaratibu wa kuharakisha magonjwa mazito kama huo, na kwa ALS miezi 5 ya kungojea SSDI imefutwa.

Daktari anasema nina sonona. Sina kidonda cha kuonyesha, nani ataniamini?

Kidonda hakihitajiki, ila rekodi za matibabu lazima ziwepo. Wanapima mambo manne: kuelewa na kukumbuka, kuishi na watu, kutulia kwenye kazi mpaka iishe, na kujimudu. Fomu ya shughuli za kila siku ndipo wengi wetu tunapojiangusha. Tumelelewa kujibu "sijambo, namshukuru Mungu", na afisa asiyekujua ataamini hivyo hivyo. Andika kwamba vyombo vinalala kwenye sinki siku tatu, kwamba simu inaita unaitazama tu, kwamba dada yako ndiye anayekukumbusha kuoga. Kuongeza chumvi ni kosa. Kuficha nako kunakuumiza.

Nimekataliwa. Nijaze maombi mapya?

Wengi hukataliwa mara ya kwanza. Kata rufaa ndani ya siku 60 tangu upokee barua (wao huhesabu imekufikia siku 5 baada ya tarehe iliyoandikwa juu yake). Ukianza upya, unaweza kupoteza malimbikizo ya miezi iliyopita. Mawakili wengi wa kesi hizi hulipwa mkishinda tu, kwa kukatwa sehemu ya malimbikizo hayo. Na omba mkalimani, ni bure. Usimpeleke mwanao wa shule akutafsirie mambo ya mwili wako mbele ya afisa.