Maswali na majibu: Meli ya Amerika Kusini, jiandae na upepo kwanza

Maswali yaliyotufikia safari hii karibu yote ni ya njia moja: meli za siku 14 hivi kati ya Buenos Aires na San Antonio, bandari ya Chile inayohudumia Santiago. Kwa kawaida meli hupitia Montevideo, Puerto Madryn na Stanley katika Visiwa vya Falkland, huzunguka Rasi ya Horn, huingia Ushuaia (Argentina) na Punta Arenas (Chile), kisha hupanda kaskazini kwa njia ya fiodi za Chile, yaani ghuba ndefu nyembamba kati ya milima, hadi Puerto Montt. Wanaoanzia Chile wasome mpangilio huo kinyumenyume.

Tunapanda meli Buenos Aires katikati ya Januari. Shemeji anasema ni kiangazi, nisibebe mzigo. Wakala anasema nibebe makoti. Nimsikilize nani? (Msafiri, Muscat)

Wote wawili wana haki. Januari Buenos Aires hufika nyuzi 30 mchana, na jasho lake ni lilelile la Dar. Puerto Madryn kuna joto kavu na vumbi. Siku chache baadaye uko Stanley, kisha Ushuaia, ambako mchana ni nyuzi 14 au 15 na usiku hushuka hadi 5 au 6. Puerto Montt hukaribia 20, lakini mvua yake haina ratiba. Ukishuka San Antonio na kwenda Santiago unarudi kwenye 30, safari hii kavu, na usiku unataka sweta.

Kwa hiyo fikiria unatoka Dar ya Januari kwenda Njombe ya Julai, halafu mtu akuwashie feni usoni. Feni hiyo ndiyo watu wanayoisahau. Nyuzi 10 zenye upepo wa kilomita 40 kwa saa mwilini ni kama nyuzi 6. Nyuzi 5 zenye upepo wa kilomita 50 ni chini ya sifuri. Ukisoma utabiri, usiishie kwenye jotoridi. Tazama safu ya upepo, hasa mavumo ya ghafla. Na utabiri wa siku 14 mbele usiupangie nguo wala matembezi. Unaanza kuwa na maana zikibaki siku tatu.

Jambo moja zaidi kwa aliyezoea kaskazi na kusi: kule nako upepo wa kusini ndio wenye ubaridi. Buenos Aires na Montevideo wana wao unaoitwa pampero, unaotoka kusini-magharibi na mara nyingi huja na dhoruba mwisho wa siku za fukuto. Jotoridi hushuka sana ndani ya saa chache. Hata siku ya kwanza, basi, sweta liwe kwenye begi la mkononi, lisiwe ndani ya sanduku.

Nguo gani hasa, na ngapi? Naweza kuzipata mitumbani? (Msomaji, Ilala)

Unaweza, na pengine utapata bora kuliko dukani, ukijua kuzikagua.

Usinunue koti moja nene. Nunua nguo tatu za kuvaliwa pamoja. Ya ndani ni fulana ya mikono mirefu inayobana kidogo, ya sufu laini au poliesta. Pamba hapana: hunywa jasho na mvua, haikauki, na ukisimama upepo unakuchota joto lote. Ya katikati ni sweta la flisi. Ya juu ni koti jepesi la kuzuia upepo na mvua, lenye kofia ya kukaza kwa kamba na urefu wa kufunika makalio. Lijaribu ukiwa umevaa sweta, uinue mikono yote miwili. Kiuno kikionekana, ni dogo.

Ukiwa Karume au Gikomba, ligeuze koti ndani nje. Juu ya mishono kuna utepe uliobandikwa. Ukibanduka kwa ukucha, mvua itapita hapohapo. Kisha kwangua kitambaa cha ndani. Kikitoa magamba meupe au kikinata vidoleni, utando wa kuzuia maji umekufa na hakuna dawa ya kuufufua, liache hata kama ni la jina kubwa. Mwisho mwagia maji kidogo kwa nje. Yakijikusanya matone na kuteleza, koti ni zima. Yakinywewa na kuacha doa, lakini ndani pabaki pakavu, ni dawa ya juu tu iliyochoka: lifue, likauke, ulipulizie dawa ya kuzuia maji inayouzwa kwenye kopo. Ukimaliza hayo pandisha na kushusha zipu mara tano. Jino moja likiruka, siku ya upepo zipu yote itafunguka.

Idadi kwa mtu mmoja: fulana za ndani mbili, suruali ya ndani ya kubana moja, sweta la flisi moja, koti moja, suruali mbili za kitambaa kinachokauka haraka, na suruali ya mvua ya kuvaa juu. Soksi za sufu jozi tatu. Mzula, au marvin kwa wa Kenya, unaofunika masikio. Glovu nyembamba zinazokuruhusu kubonyeza kamera. Kwa upande wa joto, mashati manne mepesi na kaptula au gauni mbili zinatosha, kwa kuwa meli zina huduma ya kufua. Usiku wa kuvaa rasmi hauhitaji zaidi ya koti moja la heshima, na kitenge kilichoshonwa vizuri hapo kinapita suti nyingi.

Jinzi ivae Buenos Aires tu. Ikilowa Ushuaia utaisubiri siku mbili. Raba nyeupe ziache kabisa, maana palipo na pengwini pana tope na kinyesi. Beba viatu vya kufunga vyenye soli ya meno, na usugue udongo wote kabla ya kushuka Falkland, kwa sababu wenyeji hawataki mbegu za kigeni. Mwavuli nao ubaki nyumbani. Punta Arenas katikati ya mji hufungwa kamba mitaani siku za upepo mkali ili wapita njia wapate pa kushika.

Baridi isikudanganye kuhusu jua. Tundu la ozoni huwa kubwa Septemba hadi Novemba, na anga la kusini huko ni jembamba kwa mionzi. Mafuta ya kinga ya jua ya SPF 30 kwenda juu, ya midomo pia, na miwani. Ngozi nyeusi huchelewa kuungua, lakini macho hayana tofauti.

Ukifika Puerto Montt Januari, vaa rangi za mwanga ukienda kwenye maziwa. Nzi wakubwa wanaouma, wanaoitwa tábanos, hufuata nguo nyeusi na bluu iliyoiva.

Navaa mtandio. Upepo huo nitauwezaje? (Dada, Mombasa)

Shifoni na hariri hazitakaa. Tumia mtandio wa kitambaa cha jezi kinachonyumbuka, wa kuvaa kichwani bila pini, halafu kofia ya koti juu yake uikaze. Pini acha, zikifunguka kwenye mashua zinachoma. Khanga moja ibebe, lakini kwa ndani: melini kiyoyozi ni kikali kuliko watu wanavyodhani.

Mwezi upi ni bora, nione nyangumi na pengwini pamoja? (Msomaji, Kigali)

Msimu wa meli ni Novemba hadi Machi. Nyangumi wa Península Valdés, karibu na Puerto Madryn, huwapo kuanzia Juni hivi na huondoka mwanzoni mwa Desemba. Anayetaka vyote achague Novemba, akubali baridi zaidi kusini. Akienda Januari asilipie matembezi ya nyangumi Madryn, hata brosha ikiwa na picha yao.

Pengwini wa Magellan hufika Septemba, hutaga Oktoba, na makinda huanza kuanguliwa Novemba. Desemba na Januari koloni, yaani makazi yao ya kuzalia, limejaa makinda. Machi wengi wanabadilisha manyoya, na Aprili wameondoka. Kama nyangumi si lazima, Januari ndio mwezi wa kawaida unaoridhisha wengi, wenye siku ndefu: Ushuaia Desemba ina mwanga wa saa 17 hivi.

Nimeambiwa Falkland meli huwa inapita bila kushusha watu. Ni kweli? Na je, nilipie matembezi ya kampuni ya meli au nitafute ya wenyeji kwa bei nafuu? (Mzee, Arusha)

Shikamoo mzee. Ni kweli. Meli kubwa haifungi gati Stanley. Hutia nanga nje, abiria wakashushwa kwa mashua za meli. Upepo wa magharibi ukivuma, mashua na meli hupanda na kushuka kwa mipigo tofauti, na mguu wa mtu mmoja ukibanwa kwenye jukwaa la kushukia ni kilio. Nahodha hatazami asubuhi peke yake: akiona utabiri wa saa nane mchana ni mbaya, hashushi mtu hata kama asubuhi bahari imetulia kama maji ya mtungi, kwa kuwa tatizo lake ni kuwarudisha. Abiria hulalamika sana siku hizo. Nahodha huwa yuko sahihi.

Matembezi makubwa ya hapo ni Volunteer Point, kwenye koloni la pengwini mfalme. Ni mwendo wa saa mbili hadi mbili na nusu kwenda, na nyingine kama hizo kurudi, kwa magari ya magurudumu manne, sehemu kubwa bila barabara, juu ya ardhi ya mboji inayomeza tairi. Mwenye mgongo mbovu asijaribu. Meli ikikaa chini ya saa nane, lisahau. Bluff Cove ni nusu siku na ina pengwini aina ya gentoo. Gypsy Cove iko kilomita kama 6 kutoka mjini, unafika hata kwa miguu, na ina wale wa Magellan. Mabomu ya ardhini ya vita ya 1982 kati ya Argentina na Uingereza yaliyofunga fukwe za upande huo yalimalizwa kuondolewa Novemba 2020, kazi iliyofanywa kwa sehemu kubwa na mafundi kutoka Zimbabwe. Popote utakapokuwa, mita 6 kutoka kwa pengwini, na usisimame kati yake na bahari.

Kuhusu nani wa kumlipa: mahali pa kushukia kwa mashua, au penye safari ndefu, lipia ya meli. Basi lake likikwama, meli husubiri. La mwenyeji likikwama, meli inaondoka na sanduku lako. Ukienda na mwenyeji, muulize kwa maandishi kama pesa inarudi meli isipotia nanga, na panga kufika gatini saa moja na nusu kabla ya mashua ya mwisho. Buenos Aires, Montevideo na Ushuaia, ambako meli hufunga gati, hakuna sababu ya kulipa bei ya meli. Ushuaia hifadhi ya taifa ya Tierra del Fuego iko kilomita 12 tu kutoka mjini, na boti za kwenda kwenye mnara wa taa wa Les Eclaireurs huondokea karibu na gati.

Ushauri wetu hasa ni kuwa na pengwini wa akiba. Falkland inategemea mashua, na Isla Magdalena ya Punta Arenas pia inategemea boti. Punta Tombo, kilomita 180 hivi kusini mwa Puerto Madryn, hufikiwa kwa basi. Ni mwendo mrefu, saa mbili na nusu kwenda, vumbi tele, lakini meli ikishafunga gati upepo hauna la kusema. Anayeanzia Buenos Aires akienda huko, yatakayotokea mbele hayamuumizi.

Nichukue chumba upande gani, na nitatapika? (Msomaji, Nairobi)

Ukitoka Ushuaia kwenda magharibi kwa mkono wa kaskazini-magharibi wa Mlango wa Beagle, barafuto (mito ya barafu) zote kubwa, España, Romanche, Alemania, Francia, Italia na Holanda, ziko kaskazini: kulia ukielekea magharibi, kushoto ukija mashariki. Wala si lazima kulipia zaidi. Panda sitaha ya juu, ukae upande wa demani ili muundo wa meli ukukinge na upepo.

Kwenye fiodi bahari hulala. Inapochafuka ni kati ya Falkland na Rasi ya Horn, na kwenye Golfo de Penas, ambako meli hulazimika kutoka nje Pasifiki. Chumba cha katikati na cha chini huyumba kidogo kuliko cha omo (mbele) au shetri (nyuma). Vidonge humezwa kabla, saa moja hivi. Ukisubiri hadi roho ichafuke vitatoka pamoja na chakula. Mwenye presha ya macho au tezi dume amuone daktari kwanza, dawa hizi zina masharti.

Karatasi na chakula je? (Wengi)

Ukitoka Argentina kwenda Falkland kisha Ushuaia, umeingia Argentina mara mbili. Viza ya kuingia mara moja itakukwamisha katikati. Iulize kampuni ya meli kwa maandishi, bandari kwa bandari, kwa pasipoti yako wewe.

Cheti cha homa ya manjano beba. Argentina na Brazili zimo kwenye orodha ya nchi zenye maambukizi, na watakaokuuliza ni wa nyumbani, uwanja wa ndege wa Dar, Zanzibar au Nairobi, unaporudi. Chanjo huhesabiwa kuanzia siku 10 baada ya sindano, na tangu 2016 cheti ni cha maisha.

Chile haipokei matunda mabichi, mbegu, asali wala nyama kutoka nje. Tufaha ulilochukua kwenye meza ya asubuhi na kulisahau mfukoni linatozwa faini. Lile melini, au liache.

Tofauti ya saa na nyumbani? (Msomaji, Tanga)

Ni saa 6, na katika kiangazi chao Argentina, Falkland na Chile zote huwa kwenye saa moja. Ina raha yake: simu ikionyesha 8:00 kule, nyumbani ni saa nane mchana, ikionyesha 9:00, nyumbani ni saa tisa. Huna haja ya kuhesabu kabla ya kupiga. Tahadhari ni kwenye matangazo ya meli. Mwisho wa kurudi ukitajwa kuwa 4:30 ni saa kumi na nusu alasiri, na kuna watu husikia saa nne na nusu. Uandike 16:30 kwenye karatasi, uitie ndani ya kava la simu kabla hujashuka ngazi.