Ramani peke yake haitoshi

Ndugu, unasema Urusi inaishinda Ukraine kwa kuwa mstari wa mbele unazidi kusogea. Kusogea unasogea, sikatai. Ila katika vita vya kuchoshana, kilomita ni kipimo dhaifu. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia, Machi 1918, Wajerumani walivunja ngome za Waingereza huko Ufaransa, wakasonga zaidi ya kilomita 50 ndani ya wiki mbili hivi. Novemba wakasaini mkataba wa kusitisha vita, maana askari wao bora walikuwa wameisha na wa kuziba mapengo hawakuwepo. Mji wa Bakhmut, mashariki mwa Ukraine, nao ulipoanguka mikononi mwa Warusi Mei 2023, ulikuwa vifusi vitupu. Tuulize nani anaweza kurudisha mizinga, makombora na, linaloniuma zaidi, vijana, kwa kasi ileile anayowapoteza. Hapo Ukraine nayo imebanwa sana, tusifichane.