Kiti cha Mbele Kikibaki: Kwa Mnaosafiri kwa Stendibai

Kila kundi jipya la vijana wetu likiajiriwa kwenye mashirika ya ndege huku Ghuba, hazipiti siku nyingi kabla sijaulizwa swali lile lile: "Dada, ni kweli sisi tunapanda bizinesi klasi bure?" Kweli, hutokea. Linalonitia wasiwasi ni kwamba anayeuliza hivyo mara nyingi ameshamwahidi mama yake.

Tuanze na kiti chenyewe. Kiti kikibaki kitupu mlango wa ndege ukafungwa, hakiuziki tena. Ni samaki wa jioni pale sokoni Feri, Dar: muuzaji yuko tayari kumwachia jirani kwa bei ya kutupa, lakini mteja mwenye hela akitokea dakika ya mwisho, jirani anaondoka mikono mitupu na hana wa kumlaumu. Shirika halijakupa kiti. Limekuruhusu usubiri uone kama kitabaki. Hiyo ndiyo stendibai ya sisi wafanyakazi.

Tiketi yenyewe inakwambia hivyo ukijua kuisoma. ID90 maana yake umepunguziwa asilimia 90 ya nauli. ID00 haina nauli kabisa, ila kodi na ada za viwanja unalipa. Ukiona R1 mwishoni, nafasi yako imewekwa. Ukiona R2, huna nafasi, una ruhusa ya kusubiri. Halafu kuna ZED, tiketi ambazo mashirika huwauzia wafanyakazi wa mashirika mengine kwa makubaliano, bei ikipangwa kwa umbali wa safari. Hapo kila shirika lina masharti yake. Mengine hayamruhusu mfanyakazi wa kwa wenzao kuvuka pazia la mbele hata viti vyote vikiwa vitupu. Masharti hayo yasome kabla ya kulipa, usiende kuyajadili kaunta.

Wengi wanakwama kwenye hesabu. Chukua Boeing 787-8 ya Kenya Airways: viti 30 mbele, yaani bizinesi, 204 nyuma. Unachungulia lodi, yaani hesabu ya viti vilivyouzwa, unaona mbele vimeuzwa 24, unajipigia: sita vitupu, stendibai tuko wanne, tumepona. Ngoja kwanza. Nyuma huenda zimeuzwa tiketi kuliko viti, maana mashirika yanajua siku zote kuna abiria wasiotokea. Siku wakitokea wote, waliozidi hupandishwa mbele. Kuna wenye kadi za uanachama wanaosubiri kupandishwa kwa pointi zao. Kuna waliolipia nyongeza asubuhi hiyo hiyo. Kuna marubani na wahudumu wanaosafirishwa kikazi. Hao wote wakishakaa ndipo foleni yetu inaanza, na yenyewe ina wakubwa na wadogo: mashirika mengine yanatazama tarehe uliyoajiriwa, mengine yanatazama nani aliwahi kuchekini. Mimi nikiona sita kwa wanne, najiandaa kukaa kiti cha katikati karibu na choo.

Halafu kuna uzito, jambo ambalo wageni wa kazi hii hawaliamini mpaka liwapate. Ndege ya Nairobi kwenda New York, iliyoanza Oktoba 2018, hukaa angani takriban saa 15, na uwanja wa Jomo Kenyatta uko zaidi ya mita 1,600 kutoka usawa wa bahari. Huko juu hewa ni nyepesi, kwa hiyo ndege hainyanyuki na uzito wote ambao ingenyanyuka nao pale Dar. Mafuta ya safari hayaguswi. Wanapunguza mizigo, na ikibidi wanapunguza watu, na katika watu wa kupunguzwa wewe wa R2 ndiye wa kwanza. Niliwahi kumwona kijana kwenye uwanja mwingine wenye shida hiyo akibishana na dada wa geti: "Lakini viti si navi­ona kwenye skrini?" Aliviona kweli, na ndege ikaondoka navyo.

Basi pale geti. Jina lako wanalo, hawajakusahau. Kaa mahali wanapoweza kukuona, usiegemee kaunta, usiulize kila dakika tano. Dakika zile za mwisho yule wakala anahangaika na familia iliyotenganishwa viti, mzee wa kiti cha magurudumu, na abiria ambaye begi lake limo ndani ya ndege na mwenyewe haonekani. Akimaliza ataita majina. Ile mashine itatema kikaratasi, naye atakusukumia bila kukutazama. Pokea, sema asante, ingia. Wapo wanaosimama kukisoma hapo hapo na kuuliza, "Mbele hamna?" Wakala anakumbuka sura kama hizo, na wiki ijayo mtakutana tena.

Nguo ni suala zito kuliko linavyoonekana. Machi 2017 pale Denver wasichana wawili wenye tiketi za wafanyakazi wa United walizuiwa kupanda kwa sababu ya kuvaa leginzi, na dunia nzima ikapiga kelele. Abiria wa kawaida angepita nazo bila neno. Ukiona sheria hiyo ni ya kizamani, nami naona hivyo, lakini geti si mahali pa kuipinga. Suruali ya kitambaa, viatu vya kufunika vidole, basi. Wazazi wanaosafiri kwa tiketi yako nao wanabanwa na sheria hiyo hiyo. Gauni la kitenge lililoshonwa vizuri au baibui safi havijawahi kuniletea shida. Dera na yeboyebo mwachie nyumbani, hata akikwambia ndivyo anavyopumua.

Nimtaje mama yangu hapa, atanisamehe. Mara ya kwanza tulipopata mbele wote wawili, alikaa, akapapasa vitufe vyote, kiti kikamlaza, kikamwinua. Kisha akamgeukia mzungu wa kiti cha pili na Kiingereza chake cha shule ya misheni: mtoto wangu anafanya kazi hapa, sikulipa hata senti. Yule bwana alitabasamu. Lakini pengine alikuwa ametoa maelfu ya dola, na malalamiko ya namna hiyo yakiandikwa yanafika kwa meneja wa mfanyakazi, siyo kwa mama. Tangu siku hiyo huwa namwambia kabla hatujapanda: ukiulizwa, wewe ni abiria, unakwenda kumsalimia mwanao.

Ukiwa mbele, chakula wanachagua waliolipa, wewe unapokea kilichobaki, na kikiwa kuku na unataka samaki, siku hiyo ni kuku. Kiti cha abiria kikigoma kulala, utaombwa umpishe wako urudi nyuma. Inuka kabla sentensi haijaisha. Usipige picha za miguu umeinyoosha na kuziweka mtandaoni na jina la shirika. Sijui kwa nini hili bado linahitaji kusemwa.

Watu huniuliza kama mfanyakazi anaweza kumshusha abiria, kwa sababu ya kile kisa cha Chicago cha Aprili 2017, daktari akaburutwa sakafuni mwa ndege ili kupisha wafanyakazi. Wale wafanyakazi wanne waliohitaji viti walikuwa kazini, wakipelekwa Louisville kwenda kurusha ndege nyingine. Mtu wa likizo na R2 yake hana nguvu hiyo popote. Kinyume chake, wewe ndiye unayeweza kuinuliwa ukiwa umeshafunga mkanda.

Na utaachwa. Desemba kuja Dar au Zanzibar, sikukuu za Idi, Agosti shule za Ulaya zikiwa zimefungwa: miezi hiyo hata sijaribu, nanunua tiketi ya kawaida mapema kama watu wengine. Miezi mingine nasafiri na begi la mkononi tu, nalala na pesa ya nauli kamili kwenye akaunti, na siweki safari siku moja kabla ya harusi wala kabla ya kurudi kazini. Usitegemee kulipwa usumbufu pia. Sheria ya Umoja wa Ulaya namba 261 ya mwaka 2004, inayowapa abiria fidia wakikataliwa kupanda, inawatoa wazi wanaosafiri bure au kwa nauli ya punguzo ambayo haiuzwi kwa umma. Huyo ni wewe.

Kuhusu viza, fikiria mahali utakapokwama, siyo unapokwenda tu. Kuachwa kwenye uwanja wa kuunganisha usiku, bila viza ya kutoka nje, ni kulala kwenye viti vya chuma. Wenzetu wa Kongo ya Kinshasa, Ethiopia, Eritrea na Somalia wana mzigo zaidi: nchi zao zimo kwenye orodha ya Schengen ya wanaotakiwa kuwa na viza hata ya kupita uwanjani bila kutoka nje, isipokuwa wenye vibali fulani vya ukaazi au viza za nchi kama Marekani. Kwa pasipoti hizo, nunua njia ya moja kwa moja au pitia mahali unaporuhusiwa kuingia.

Mwisho ni binamu. Atakupigia, ameshasikia una tiketi za marafiki, zile unazoruhusiwa kumpa mtu asiye wa familia, na atasema yuko tayari kukutoa kidogo. Tiketi hizo haziuzwi. Watu wamefukuzwa kazi kwa hilo, na shirika halihitaji kukukuta na pesa mkononi. Inatosha binamu ashindwe kupanda, akasirike, na amwambie wakala wa geti ni kiasi gani alichokulipa. Mpe bure anayestahimili kuachwa, au usimpe kabisa. Mimi nimebaki na orodha fupi: mama, mdogo wangu, na rafiki mmoja ambaye aliwahi kulala uwanjani akanitumia ujumbe asubuhi kuniuliza kama ndege ya saa nne ina nafasi.