Mwanangu akipona selimundu, wajukuu je?

SWALI: Mwanangu wa kiume mwenye umri wa miaka tisa ana selimundu, ingawa mimi na baba yake hatujawahi kuugua. Nimesikia redioni kuwa Ulaya na Marekani ipo tiba ya jeni ya ugonjwa huu. Inafanyaje kazi, na aliyetibiwa hivyo hatawarithisha wanawe? – Mama, Morogoro.

JIBU: Mama, nianze na huo uzima wenu, kwa sababu mengine yote yanatokana nao. Jeni ni maelekezo yaliyoandikwa ndani ya seli kwa herufi nne za kikemikali, na karibu kila jeni tunairithi kwa nakala mbili, moja ya mama na moja ya baba. Katika kromosomu ya 11 imo jeni inayoelekeza utengenezaji wa sehemu ya himoglobini, protini inayobeba oksijeni katika damu. Kwa mgonjwa wa selimundu herufi moja tu imekosewa, mahali pa A pamekaa T, na kosa hilo linatosha kuifanya himoglobini ishikamane kama nyuzi inapopungukiwa oksijeni, hata seli nyekundu iliyokuwa laini ikakakamaa, ikapinda kama mundu wa kukatia majani na kunasa katika mishipa myembamba. Vile vidole vinavyomvimba mtoto mchanga huku akilia usiku kucha, chanzo chake ni hicho. Ninyi wawili kila mmoja ana nakala moja nzima, nayo inatosha. Lakini katika kila mimba ipo nafasi moja kati ya nne ya mtoto kupata zote mbili zenye kosa. (Kosa lenyewe limedumu kwetu kwa kuwa mwenye nakala moja hukingwa kiasi na malaria kali, jambo ambalo mtafiti Anthony Allison alilionyesha mwaka 1954.)

Tiba uliyoisikia huenda ni Casgevy, iliyoidhinishwa Uingereza Novemba 2023 na Marekani mwezi uliofuata, kwa wagonjwa wa kuanzia miaka 12. Cha ajabu ni kwamba haiisahihishi ile herufi. Mtoto akiwa tumboni hutumia himoglobini nyingine isiyo na kosa, ambayo baada ya kuzaliwa huzimwa na jeni iitwayo BCL11A. Wataalamu huchukua seli shina za damu za mgonjwa, yaani zile zinazozaa seli nyingine za damu, wakakata swichi ya jeni hiyo maabara kwa CRISPR, mkasi wa kikemikali wa kukatia jeni, ili ile himoglobini ya tumboni itengenezwe tena, kisha huzirudisha mwilini baada ya uboho wa zamani kuuawa kwa dawa kali zinazoweza kudhuru uzazi. Bei yake Marekani ni dola milioni 2.2. Kwa sasa, ningekushauri umuulize daktari wake kuhusu haidroksiyurea, dawa ya kumeza ambayo nayo huongeza himoglobini hiyo ya tumboni.

Kuhusu wajukuu, tiba hugusa seli za damu peke yake, na jeni zilizomo katika mbegu za uzazi hubaki zilivyo. Kila mtoto wa mwanao atapokea kwake nakala moja yenye kosa. Kuwa mgonjwa au mzima kama ninyi kutategemea atakachopewa na mama yake. Hivyo siku atakapoleta mchumba, kipimo cha damu cha binti huyo kitahitajika, awe mwanao ametibiwa au la.