Madogo mnaosomea urubani: mambo ya kuchangia ndege na kujaza logibuku, niliyoyajua kwa kuumia

Mi ni mtoto wa Kibirizi hapa Kigoma, nimekua naona wavuvi wanarudi asubuhi na dagaa na kabla mtu hajashika hata shilingi inatolewa kwanza hela ya mafuta, inatolewa ya matengenezo, kinachobaki ndo kinagawanywa, na kila mtu anajua fungu lake kabla mtumbwi haujatoka. Sa nilivoenda kusomea urubani hiyo akili nikaiacha ufukweni. Tukaanza kuchangiana ndege kishkaji tu, "tutaelewana mbele ya safari", na mbele ya safari ndo tukagombana.

Kwanza mjue hela inapoliwa. Kiwango cha chini cha kimataifa kwa leseni binafsi ni saa 40, kwa leseni ya biashara ni saa 200, au 150 kama uko kwenye kozi moja iliyoidhinishwa toka mwanzo mpaka mwisho. Kwenye hizo 200, saa 100 lazima wewe mwenyewe uwe PIC, yaani ndege iko mikononi mwako na lawama zote ni zako. Hapo katikati ya leseni ya kwanza na ya pili ndo watu wanauza viwanja vya wazazi, na hapo ndo kuchangia kunapoanza kuwa na maana. Kabla ya leseni ya kwanza msidanganyane, mwanafunzi haruhusiwi kubeba abiria, kwa hiyo wanafunzi wawili hamuwezi kuondoka peke yenu eti mnagawana. Mnachoweza ni kwenda safari ndefu na mwalimu, mmoja anarusha kwenda, mwingine anakaa siti ya nyuma, kurudi mnabadilishana. Siti ya nyuma haikupi hata dakika kwenye logibuku (daftari lako la saa za kuruka) ila utajifunza redio kuliko ukiwa mbele unatoka jasho.

Sasa kosa langu. Baada ya kupata leseni binafsi tulikuwa tunakodi ndege mimi na mshkaji mmoja, nusu kwa nusu, yeye kushoto mi kulia, halafu jioni kila mtu anajiandikia muda WOTE kama PIC. Tuliona ni haki kabisa, si nimelipa? Nilivopeleka logibuku kukaguliwa, yule mama aliyekuwa anakagua akaniuliza mwenzangu ni nani, na bahati mbaya la mwenzangu lilikuwa palepale mezani. Akayafungua yote mawili akayaweka sambamba, akaweka rula. Tarehe ileile, namba ileile ya 5H (usajili wa ndege za Tanzania), dakika zilezile, PIC wawili kwenye ndege inayohitaji rubani mmoja. Hakupiga kelele wala nini, akachukua kalamu nyekundu akawa anachora mstari mmoja mmoja huku ananihesabia kwa sauti. Saa 11.4 zikaondoka hivohivo na akaniambia nishukuru zimeishia kwenye kalamu, maana kughushi saa ni kitu cha kukunyang'anya leseni. Pesa mnaweza kugawana nusu kwa nusu, dakika ya PIC ni ya mtu mmoja. Aliyekaa pembeni kwenye Cessna 172 ni abiria hata kama amelipa zaidi yako.

Na hizi video za mtandaoni zinaponza watu. Nyingi ni za Marekani, na kule sheria yao inamruhusu rubani wa usalama kuhesabu muda wakati mwenzie amezibwa macho asione nje akifanya mazoezi ya kurusha kwa kuangalia vyombo tu. Hiyo ni yao. Nyie someni kanuni za mamlaka itakayowapa leseni.

Mgawanyo uliokuja kutufaa tuliupata safari ya Dar kuja huku, watu watatu wote wenye leseni. Dar mpaka Dodoma mmoja, Dodoma mpaka Tabora wa pili, Tabora mpaka Kigoma nikadai mimi, nani angenikatalia, unafuata reli tu chini, Urambo, Kaliua, unakutana na Malagarasi, Uvinza, halafu ziwa linafunguka mbele yako lote. Kila mtu alilipa kipande chake kwa mita ya saa iliyo kwenye ndege, sio theluthi ya jumla, maana Dar-Dodoma ni maili kama 210 za anga na vile viwili vingine vinakaribia 190, na ukipigwa na upepo wa mbele ndo kabisa. Ada za kutua na kuegesha ndo tukagawa kwa tatu. Kurudi tukazungusha vipande.

Mambo ya kuulizana kabla: bei ya kukodi ina mafuta ndani au haina, mkivunja kitu ile sehemu ambayo bima hailipi anatoa nani (sisi tulikubaliana ni aliyekuwa PIC, ikanifanya nitue kwa adabu sana), na avgas, yaani petroli ya ndege ndogo, inapatikana wapi njiani. Hiyo ya mwisho pigeni simu, msikisie, uwanja kuwa na mafuta ya jeti haimaanishi una avgas. Na mkijaziwa chukueni sampo mwangalie kwenye mwanga, avgas ya 100LL ni ya bluu, ukiona kitu hakina rangi usiwashe.

Ila ubaya wa kuchangia ni kwamba mkiwa wengi bei inashuka na uzito unapanda. Cessna 172S mwisho wake wa kuruka ni kilo 1,157, mafuta ya kutumika yakijaa ni kama lita 200 ambazo ni kilo 144 hivi, toa na uzito wa ndege yenyewe, unabaki na watu watatu wa wastani na kibegi. Sasa sisi tunaondoka Kigoma, mama mdogo huyo na kiroba cha dagaa na madumu mawili ya mawese, "mwanangu ndege yako si ndo hiyo". Nikaenda kuvipima kwenye mizani ya dagaa palepale Kibirizi, kilo 41. Kigoma ni futi kama 2,700 toka usawa wa bahari, labda ingenyanyuka, lakini Tabora ni futi 3,900 na joto la Oktoba likifika nyuzi 32 hewa inakuwa nyepesi, ndege inajiona kama iko futi 7,000 hivi na inapanda kwa shida. Kiroba kikapanda treni, mama mdogo akanuna wiki mbili.

Na akija mtu anakwambia nipe lifti nitakulipa nauli, kataa. Leseni binafsi hairuhusu kurusha kwa malipo, hata akiwa mjomba.

Kujaza saa sasa. Logibuku linataka muda wa Zulu, yaani saa ya kimataifa ya UTC, na sisi tumezaliwa na saa ya Kiswahili, mi ruka yangu ya saa tatu asubuhi niliandika 0300, mwalimu akaniuliza ulikuwa unafanya nini hewani saa kumi na mbili alfajiri? Saa tatu asubuhi kwenye saa ya ukutani ni 0900, Zulu ni 0600. Njia ya mkato, kwa asubuhi na mchana chukua saa ya Kiswahili ongeza tatu. Halafu 1.3 sio saa moja na dakika 30, ni saa moja na dakika 18, kila dakika 6 ni 0.1. Na mita ya Hobbs kwenye ndege nyingi inahesabu toka injini inawaka, wakati muda wa kuandika unaanza ndege inaposogea kwa ajili ya kuruka mpaka inaposimama kabisa, kwa hiyo utalipia dakika ambazo huziandiki. Inauma, zoea. Andika siku hiyohiyo na upige picha kila ukurasa.

Kitu tulichosahau kwenye karatasi yetu ya makubaliano ni kulala. Kurudi tulifika Tabora mchana, wingu la mvua limesimama mashariki jeusi tii, hakuna aliyebisha, tukafunga ndege kamba. Gesti, chakula, bajaji, maegesho ya usiku, tukazozana mpaka saa nne eti alipe aliyetua, wakati aliyetua ndo katuokoa. Tukaishia kugawa kwa tatu na kuongeza mstari kwa kalamu pale chini.