Wazo Liandikwe Kabla ya Kusemwa: Ushauri kwa Wanaoanza Kuongoza Vikao vya Kubungua Bongo

Kila timu yetu ya kuandaa vitabu na vipindi vya Kiswahili kwa shule za Uganda inapopokea watu wapya, swali la kwanza wanalouliza ni kama kikao cha kubungua bongo, yaani cha kutafuta mawazo mapya kwa pamoja, kifanyike mtandaoni au watu waitwe Kampala waonane ana kwa ana. Swali hilo lina msingi, kwa kuwa wenzetu wametawanyika kati ya Kampala, Mbarara, Gulu na Arua, na kuwakusanya wote kunadai nauli, malazi na siku za kazi zinazoishia barabarani. Jibu langu huwa haliwaridhishi papo hapo, kwa sababu siwachagulii upande. Ninawaomba kwanza watenganishe kazi tatu ambazo tumezoea kuzirundika katika kikao kimoja, yaani kuzalisha mawazo, kuyachambua, na kukubaliana ni lipi litakalofanyiwa kazi. Kazi ya kwanza haihitaji mazungumzo hata kidogo, ya pili inaweza kufanyika popote, na ya tatu ndiyo ambayo mara nyingi inastahili nauli.

Aliyeieneza desturi ya kubungua bongo maofisini ni Alex Osborn, Mmarekani wa biashara ya matangazo, kupitia kitabu alichokitoa mwaka 1953. Kanuni zake bado zinafaa: wazo lisihukumiwe likiwa bichi, mawazo yawe mengi, ya ajabu yakaribishwe, na kila mtu awe huru kujenga juu ya wazo la mwenzake. Dai ambalo halikusimama ni lile kwamba mtu akiwa ndani ya kundi huzaa mawazo mengi kuliko akiwa peke yake. Mwaka 1958 watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale, Taylor, Berry na Block, walilinganisha makundi ya watu wanne waliozungumza pamoja na watu wanne waliofanya kazi kila mmoja kivyake, kisha orodha za hao waliojitenga zikaunganishwa na yaliyojirudia yakaondolewa. Waliojitenga ndio waliotoa mawazo mengi zaidi. Mwaka 1987 watafiti wengine, Diehl na Stroebe, wakaonyesha kwamba sababu kubwa ya upungufu huo ni kungoja zamu. Mmoja anapozungumza, wengine wanalazimika kulishikilia wazo lao kichwani huku wakimsikiliza, na kufikia zamu yao wazo limesahaulika, au wenye nalo wamekwisha kuliona halina maana. Anayeanza kuongoza vikao aielewe sababu hiyo vizuri, maana ndiyo inayoeleza ni lini kioo cha simu kinasaidia na ni lini kinaharibu.

Kwetu kungoja zamu kuna uzito wa ziada, nao ni ukubwa wa umri na cheo. Katika kikao kimoja kilichofanyika Mbarara tulikuwa tunatafuta njia za kumwezesha mtoto wa darasa la nne kukitumia Kiswahili nje ya kipindi, na mtu wa kwanza kufungua kinywa alikuwa mkubwa wetu, aliyesema kwamba yeye anaona redio ndiyo njia. Kuanzia hapo kila kilichotolewa kilikuwa redio: redio wakati wa mapumziko, redio ya shule kwa shule, redio kupitia simu ya mzazi. Tuliposimamisha mazungumzo na kugawa karatasi, watu walewale waliandika nyimbo za kuruka kamba, majina ya vitu yaliyobandikwa kwenye madawati na madirisha, na barua kati ya wanafunzi wa shule mbili. Mwalimu mmoja ambaye alikuwa kimya tangu asubuhi aliandika kwamba watoto wanaochota maji kwenye pampu ya kisima wahesabu kwa Kiswahili kila wanapousukuma mpini, mpaka jerikani lijae. Wazo hilo lilikuja kuwa ukurasa mzima wa kitabu. Nilimuuliza, “Mwalimu, mbona hukulisema?” Akanijibu, “Mzee alishasema redio.”

Suala la lugha nalo limo humo. Aliyekulia Arua au kwenye mitaa ya mpakani Busia huwa na Kiswahili cha sokoni, chepesi mdomoni, naye hukimaliza kikao akiwa amesema mara kumi. Mwenzake aliyejifunzia Kiswahili darasani, akiwa mtu mzima na lugha yake ya nyumbani ikiwa Kiganda au Kinyankole, anaweza kuwa mwandishi bora kuliko wote, lakini huipanga sentensi kwanza kichwani, na anapomaliza kuipanga mada imeshahama. Karatasi humpa nafasi ambayo mazungumzo humnyima.

Kwa hiyo kanuni ninayowaachia wageni wetu ni kwamba kila mshiriki aandike kabla yeyote hajasema. Mjerumani Bernd Rohrbach, mwishoni mwa miaka ya 1960, alipanga utaratibu ambao hadi leo unatumika, ambapo watu sita huandika mawazo matatu kila mmoja kwa dakika tano, kisha kila mtu humpitishia jirani karatasi yake ili aongeze matatu mengine, mpaka karatasi zizunguke meza nzima. Kwa nusu saa mnaweza kuwa na mawazo 108. Binafsi siufuati kwa saa mkononi, kwa sababu dakika tano zinawatosha wanaoandika haraka na kuwabana wengine, na idadi ya watu sita haipatikani kila siku. Kinachonivutia ni kwamba hakuna anayengoja zamu na hakuna anayejua mkubwa ameandika nini hadi karatasi imfikie. Tena hauhitaji umeme.

Ubao wa mtandaoni, kama Miro au Mural, ambapo kila wazo huandikwa kwenye kikaratasi cha kidijitali, unafanya kazi ileile kwa watu walio mbalimbali, kwa sababu wote huandika kwa wakati mmoja. Tafiti za mwanzoni mwa miaka ya 1990 kuhusu kubungua bongo kwa kompyuta zilionyesha kwamba faida yake hukua kadiri kundi linavyokuwa kubwa. Mkiwa watatu msitegemee muujiza. Jambo ambalo wengi hulisahau ni kuwasha mpangilio unaoficha vikaratasi vya wengine mpaka muda wa kuandika uishe. Usipouwasha, ubao unakuwa kikao cha Mbarara kwa sura nyingine, maana kikaratasi cha kwanza cha mkubwa kitavuta vyote vinavyofuata. Kuficha majina nako kuna mipaka yake. Katika timu ndogo watu hutambuana kwa namna ya kuandika, na msidanganyane kwamba mtu atatoa kero ya mwajiri wake kwa sababu tu jina lake halionekani.

Mbao hizo, hata hivyo, zilibuniwa na watu wenye kompyuta mezani, ilhali washiriki wetu wengi huingia kwa simujanja. Mketi karibu mshiriki wa namna hiyo siku moja mumtazame. Anausubiri ubao ufunguke, anaukuza kwa vidole viwili ili aone pa kuandika, anaandika, kisha kidole kinagusa vibaya na kikaratasi kinahamia pembe nyingine ya ubao. Akiupunguza ili akitafute, maandishi yanakuwa madogo hayasomeki. Nusu ya akili yake imeishia kwenye kutafuta kikaratasi. Kwa watu kama hao ninatumia njia isiyo na mbwembwe: ninatuma swali moja kwenye kundi la WhatsApp, ninaomba kila mtu anitumie mawazo yake mimi peke yangu kabla ya saa fulani ya kesho yake, kisha ninayanakili yote kwenye jedwali moja bila majina na kulirudisha kwa kundi. Ni kazi ya kuchosha kwa mwezeshaji, na ndiyo sababu waanzao hawaipendi. Faida yake ni kwamba aliyekatikiwa umeme jioni huandika asubuhi, na bando linalotumika ni dogo mno. Suala la bando lisidharauliwe, kwani tangu Julai 2021 data ya intaneti nchini hutozwa ushuru wa asilimia 12, na si haki mtu alipie kutoka mfukoni kushiriki kikao mlichokiitisha ninyi. Bando litumwe siku moja kabla ya kikao, kama nauli inavyotumwa kabla ya safari.

Mikutano ya video ni habari nyingine, nayo isichanganywe na ubao. Mwaka 2022 Melanie Brucks na Jonathan Levav walichapisha katika jarida la Nature utafiti ambamo watu wawiliwawili, wengine wakiwa chumba kimoja na wengine wakionana kwa video, waliombwa wabuni matumizi mapya ya vitu vya kawaida kama kisahani cha kurusha au plastiki yenye viputo ya kufungashia, kisha wachague wazo lililo bora. Walioonana kwa video walitoa mawazo machache zaidi, na hali hiyohiyo ilionekana kwa wahandisi wa kampuni ya mawasiliano katika nchi tano. Katika kuchagua wazo, hata hivyo, hawakuwa nyuma ya wenzao. Maelezo ya watafiti ni kwamba anayezungumza kwa video hukaza macho kwenye uso wa mwenzake na kuacha kukitazama chumba alichomo, na jicho likibanwa, fikra nazo hubanwa. Mimi huutumia utafiti huo kwa tahadhari, kwa kuwa ulihusu watu wawiliwawili wanaozungumza, wala haukuwahusu watu kumi wanaoandika ubaoni. Bado unalingana na ninayoyaona: video hutufaa tukiwa na orodha mkononi na kazi ni kuikata, na hutuchosha bure tukiitumia kuanzia mwanzo.

Sasa tuje kwenye safari. Mwenzetu anayetoka Arua huvuka mto Nile mara mbili, Pakwach na Karuma, kabla hajaanza kuukaribia mji wa Kampala, na akifika huwa amepoteza siku nzima. Kumwita ili aje kuandika vikaratasi ni kumkosea heshima. Anastahili kuitwa pale watu hawafahamiani na watafanya kazi pamoja kwa muda mrefu, au pale kuna jambo la kugombaniwa, kwa mfano bajeti itaanzia wilaya gani na nani atangoja mwaka ujao. Maamuzi ya namna hiyo yakifanywa kwa video, watu hunyamaza, mwezeshaji huuhesabu ukimya kuwa ni kukubali, na mgogoro huibuka baadaye kupitia simu za watu wawili wawili. Chumbani utamwona anayekunja uso; utamfuata wakati wa chai umuulize taratibu, naye atakuambia.

Vikao vyetu vya ana kwa ana vina desturi zake: sala, utambulisho, salamu za mgeni rasmi, na hotuba ambazo hakuna mwezeshaji mchanga awezaye kuzifupisha. Msijaribu. Mnachoweza kufanya ni kumpa kila mtu karatasi na kalamu anaposaini orodha ya mahudhurio, pamoja na swali lililochapishwa juu yake, na kumwomba aandike mawazo yake na kuirudisha kabla ya sala. Hotuba zikianza, mawazo yameshakusanywa, na hata mgeni rasmi akiitaja redio mara ishirini hatakuwa ameharibu kitu. Ukutani mtumie karatasi za manila na kuandika kwa kalamu nene. Vikaratasi vya kunata hubanduka kwenye kuta zetu, hasa msimu wa mvua, na nimeviona vikikanyagwa mlangoni watu wanapotoka kwenda kula. Mpige picha ukuta mzima kabla ya chakula, kwa sababu baada ya chakula wafanyakazi wa ukumbi hupita wakisafisha.

Aina ya kikao ninayoikwepa kabisa ni ile iliyochanganyika, ambamo wanane wamo chumbani na wawili wako kwenye spika iliyowekwa katikati ya meza. Wale wawili husikia vicheko bila kujua kinachochekwa, na kwa kawaida hukumbukwa dakika ya mwisho kwa kuulizwa kama wana la kuongeza. Ikiwa hakuna budi, wote walio chumbani waandike kwenye jedwali lilelile la mtandaoni, kila mtu kwa simu yake, na mmoja wao apewe kazi ya kuwasemea walio mbali, bila jukumu jingine siku hiyo.

Kumbukumbu za vikao zisiachwe ndani ya chombo chochote kimoja. Google iliufunga ubao wake wa mtandaoni, Jamboard, mwishoni mwa mwaka 2024, na waliokuwa wameweka humo kazi zao walilazimika kuzihamisha. Nasi tunakumbuka jinsi intaneti ilivyozimwa nchi nzima kwa siku kadhaa wakati wa uchaguzi wa Januari 2021, jambo lililoacha simu ya kawaida na ujumbe mfupi kuwa njia pekee. Muhtasari uandikwe siku hiyohiyo na uhifadhiwe kwenye kompyuta ya ofisi pamoja na nakala iliyochapishwa, ukionyesha yaliyochaguliwa, anayehusika na kila moja, na tarehe ya kurudi na majibu. Yaliyokataliwa nayo yaorodheshwe, kila moja na sababu fupi ya kukataliwa, kama vile gharama, muda, au ukosefu wa mtu wa kulifanya, ili kikao kijacho kianze kwa kuisoma orodha hiyo na kuangalia ni sababu zipi zimekwisha kuondoka.