Taa za tela la jeshi la volti 24 kwenye gari la volti 12
Zitawaka, ila hafifu. Globu ya volti 24 ikipata volti 12 haifikii hata nusu ya nguvu yake, na kwa jua la Dodoma anayekufuata haoni breki kabisa. Weka taa za LED za volti 12, kata plagi ya NATO (ya kijeshi) ya pini 12, funga ya pini 7. Ethi, yaani waya wa kurudisha umeme, ndiyo inayosumbua zaidi: usitegemee chesisi, vuta waya wake kutoka plagi hadi kila taa, maana kutu ikizuia umeme indiketa na breki huanza kuwaka pamoja. Indiketa zikipepesa haraka mno, badilisha flasha, kifaa kinachozipepesa. Na angalia tobari, mkono wa kuvutia tela, kabla hujalipia, mkuu: pete ya jeshi haiingii kwenye kitufe cha duara cha kuvutia tela cha gari la kawaida.